Riale ya Pili

SEHEMU YA KWANZA

Riale ile haikuwahi kuiacha shingo ya Bibi. Alioga nayo, alilala nayo, alikwenda nayo harusini na mazikoni. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam walipomwambia aivue ipite kwenye mashine, aliivua taratibu, akaiweka kwenye trei, akaifuata kwa macho mpaka ikatokea upande wa pili. Ndipo akashusha pumzi.

Ni sarafu kubwa ya fedha, yenye uzito wa gramu 28 hivi. Upande mmoja pana mwanamke mnene aliyejitanda ushungi. Upande wa pili pana tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780. Wazee wetu wa pwani waliiita riale, na kabla rupia haijashika soko, pembe na karafuu zilihesabiwa kwa sarafu hiyo. Mwanamke mwenyewe ni Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria, aliyefariki mwaka huo huo wa 1780. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa Bahari ya Hindi walikuwa wamekwisha kuizoea sura yake na hawakutaka nyingine, basi Vienna ikaendelea kuifua ile ile, kwa tarehe ile ile, kizazi baada ya kizazi.

Ya Bibi ina tundu juu ya kichwa cha malkia, la kupitishia uzi. Na chini ya mkia wa tai mtu alichora kwa ncha ya kisu herufi moja ya Kiarabu: mim.

"Mim ya Mbwana, babu yangu," Bibi alinifundisha kabla sijaanza hata chuo. "Ndugu yake alikuwa na ya kwake, yenye sin. Sin ya Seifu. Mama yao ndiye aliyezichora, asubuhi ile walipoondoka."

Waliondoka Pangani mwanzoni mwa mwaka 1887, vijana wawili wa tumbo moja, mizigo kichwani, katika msafara wa Sámuel Teleki, mtukufu wa Kihungari, na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria. Aliyewaonyesha njia ni Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe ambaye Pangani nzima ilimjua. Walipita Kilimanjaro, wakapita nchi ya Wakikuyu, wakapita Baringo, wakaenda mpaka kwenye ziwa ambalo hakuna Mzungu aliyekuwa amelifikia. Katika wale ndugu wawili, aliyerudi ni mmoja.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi Nürnberg miaka 11, na kila Disemba nimeona wazee wa Kijerumani wakirudi kutoka safari za mtoni, mashavu mekundu, wakisimulia miji iliyowashiwa taa na masoko ya Krismasi yenye harufu ya mdalasini. Mwaka huu nikapata likizo. Nikakata tiketi mbili: tupande meli Budapest, tuupande mto Danube usiku kwa usiku, Bratislava, Vienna, Melk, Passau, Regensburg, mpaka mlangoni kwangu. Nilijua Bibi atakataa. Huyu ni mwanamke wa miaka 78 aliyekataa kwenda hata Tanga mjini kutazamwa jicho.

"Huo mto wako unapita mji wa huyu?" aliniuliza kwenye simu, na nikasikia ukucha wake ukigonga fedha.

"Unapita, Bibi. Vienna ndipo alipotawala na ndipo alipozikwa."

Akanyamaza kidogo. "Basi nitakuja, mke mwenzangu. Nina neno naye."

*

Budapest ilitupokea kwa baridi ya nyuzi tatu chini ya sifuri. Bibi alivaa koti langu la kazini, soksi jozi mbili, na kanga juu ya kofia ya sufu. Tulivuka kwa miguu Daraja la Minyororo, lililofunguliwa mwaka 1849 likaiunganisha Buda ya mlimani na Pest ya bondeni. Katikati akasimama, akatazama maji.

"Pangani ukiwa umefurika huwa na rangi hii," alisema. "Lakini wetu unanuka bahari. Huu unanuka mawe."

Nilimnunulia kürtőskalács, mkate mtamu unaoviringishwa kwenye kijiti kinene kama mchi na kuchomwa juu ya makaa huku ukizungushwa, sukari ikiyeyuka na kukauka kama gamba. Alikula nusu, nusu akaifunga kwenye karatasi, "ya njaa ya usiku."

Kisha tukatembea ukingoni kuelekea Bunge, jengo lenye urefu wa mita 268, na kuba lake likipotea kwenye ukungu. Hatua mia tatu kabla ya kulifikia, Bibi aliona viatu.

Ni jozi 60, za chuma, zimepangwa pembezoni kabisa mwa ukuta wa mto: buti za wanaume, viatu vya visigino, viatu vya mtoto. Theluji ilikuwa imeingia ndani yake. Wachonga sanamu hawakuweka binadamu, viatu tu. Nikamweleza. Majira kama haya, mwishoni mwa 1944 na mwanzoni mwa 1945, wanamgambo wa chama cha Nyilas waliwaleta Wayahudi hapa, wakawaamuru wavue viatu kwa kuwa viatu vilikuwa na thamani, kisha wakawapiga risasi watumbukie mtoni. Ukumbusho wenyewe uliwekwa mwaka 2005.

Bibi aliinama mbele ya kile cha mtoto. Magoti yake yalilia.

"Majina yao yameandikwa wapi?"

"Hapa hakuna majina, Bibi."

"Basi viatu ndiyo majina." Akaigusa riale juu ya koti. "Seifu hakuacha hata kiatu."

Hatukusema neno njia nzima ya kurudi.

*

Gati za Budapest hazitoshi meli zote za Disemba, kwa hiyo meli hufungwa ubavu kwa ubavu. Yetu ililala gatini. Ya pili ilifungwa kwetu, na abiria wake, ili wafike mjini au warudi kwao, walikuwa wakipita katikati ya ukumbi wetu wa mapokezi. Tulipoingia mlikuwa na msongamano, na joto la kukata pumzi. Bibi akafungua vifungo vya koti. Riale ikaning'inia kifuani, tai akiwa mbele.

"Zuhura, nitolee hii kofia kabla sijaiva," alisema kwa ile sauti yake ya kuvusha mto.

Ndipo niliposikia harufu ya udi. Udi halisi, si manukato ya chupa. Harufu iliyonipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha bi harusi, nyumbani. Nikageuka. Bibi mmoja wa makamo ya Bibi yangu, aliyevaa abaya nyeusi chini ya koti la manyoya, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, kijana mmoja akimshika kiwiko. Alikuwa anaitazama riale.

"Assalaam alaykum," Bibi akamwambia kwa furaha ya mtu aliyekuta wake ugenini.

Yule mama hakuitikia. Midomo yake ilicheza, lakini hakuitikia. Akapita, akaingia mlango wa kwendea meli yao.

"Salamu haikataliwi," Bibi alinung'unika. Nilijua imemchoma.

Saa tatu kasorobo nilimpa kidonge chake cha presha na maji ya vuguvugu. Saa tatu kamili ile meli ya pili ikafunguliwa ikajitenga, kisha yetu ikang'oa kamba. Tulipanda sitahani tujionee. Wenye kusafiri mto huu husema Budapest huonekana vizuri usiku, kutoka majini, na ni kweli: Bunge lote liliwaka rangi ya asali, na taa zake zikalala mtoni zikitikisika kama kwamba kuna mji wa pili chini ya maji. Bibi alishika chuma cha omo kwa mikono miwili. Hakusema kitu, lakini nilimwona anatabasamu, na kwa dakika ile nikahisi kila senti niliyoweka akiba miaka mitatu imelipwa.

"Samahani, dada." Alikuwa baharia kijana, Mromania. Alizungumza Kijerumani cha kukatakata. "Hii ni ya bibi yako. Nimeiokota mlangoni, pale tulipokuwa tumefungwa na ile meli nyingine."

Akaniwekea kiganjani kitu kizito, cha baridi. Sikuhitaji kutazama. Vidole vyangu vinaijua riale ile tangu utotoni. Moyo ukanipasuka kwa hofu ya kilichokuwa karibu kupotea, nikamshukuru mara tatu, nikamwendea Bibi.

"Bibi, ingetuponyoka! Riale yako imeanguka kule chini."

Bibi alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. Akaingiza mkono ndani ya kola, akavuta uzi. Mwisho wa uzi, ikizunguka polepole katika mwanga wa taa, ilikuwepo riale. Mim.

Nikafumbua kiganja changu.

Tundu juu ya kichwa cha malkia. Nikaigeuza. Chini ya mkia wa tai, kwa ncha ya kisu, palikuwa na meno matatu na kikombe chake: sin.

Bibi hakupiga kelele. Alisema maneno mawili tu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Alizikwa nayo."

*

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Zuhura amempeleka bibi yake wa Pangani kwenye safari ya meli katika mto Danube. Usiku wanapoondoka Budapest, baharia anamkabidhi Zuhura riale iliyookotwa mlangoni. Ina herufi sin, alama ya Seifu, ndugu wa babu yao, ambaye familia inaamini alizikwa na sarafu hiyo kando ya ziwa mwaka 1888. SASA ENDELEA...

Bibi hakulala. Kila nilipofumbua jicho nilimkuta ameketi kitandani, riale mbili juu ya kanga, akizigusanisha na kuzitenganisha. Nje, vilima vya Esztergom vilipita gizani bila mtu wa kuvitazama.

Asubuhi nilikwenda mapokezi. Binti wa pale aliwasiliana na ile meli nyingine kwa redio, mbele yangu. Jibu lilikuja baada ya robo saa: hakuna abiria aliyeripoti kupotelewa na kitu. Akaniongezea jambo moja: wao wanakwenda Vienna kisha wanageuza kurudi Budapest, na kesho usiku meli zetu zitafungwa tena pamoja.

Saa tano tulifika Gabčíkovo, upande wa Slovakia. Hapo mto umezibwa kwa bwawa la umeme, na meli inayokwenda juu lazima iinuliwe. Tuliingia kwenye chumba cha zege kilicho wazi juu, kuta nyeusi zikitiririka maji, na mageti makubwa yakajifunga nyuma yetu. Mbingu ikabaki kipande. Abiria wote walikuwa sitahani na kamera. Bibi alitazama kuta zile zilizotuzunguka akasema:

"Ni kama kaburi ambalo halijafukiwa."

Kisha maji yakaanza kuingia kutoka chini, bila kelele, na tukiwa tunapanda naye akaanza kusimulia. Nilikuwa nimesikia vipande tu. Siku ile nilisikia yote.

"Babu alisema walitembea siku nyingi juu ya mawe meusi yanayokata nyayo, maji yamewaishia. Mara wakaliona ziwa. Kubwa, halina ng'ambo, linang'aa. Watu wakatupa mizigo, wakakimbia, wakatumbukia na nguo zao. Wakanywa." Akatikisa kichwa. "Wakatema. Lilikuwa magadi matupu. Maji mengi namna ile, na hayazimi kiu."

Ilikuwa Machi 1888. Teleki akalipa ziwa lile jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria na mrithi wa kiti chake, na msafara ukaendelea kaskazini ukiufuata ufuko, njaa ikiwala watu mmoja mmoja.

"Seifu akaanguka," Bibi aliendelea. "Tumbo la damu. Babu alimbeba mgongoni siku mbili, akamfia mikononi. Akamfunika kwa mawe, riale yake shingoni, akauchukua mzigo wa marehemu akauweka juu ya wa kwake. Oktoba wakafika Mombasa. Mama yao alimhesabu mmoja, akaingia ndani, hakutoka siku saba." Sauti ilimkatika. "Kila mwaka, Zuhura. Kila mwaka tumemsomea Seifu hitima. Baba yangu, kisha mimi. Tumemsomea nani?"

Tulikuwa tumepanda karibu mita 20. Ukuta ukaisha, jua likatupiga usoni, na mbele yetu mageti yakafunguka kwenye maji mapana, tulivu. Watu walipiga makofi. Bibi alikuwa analia.

Jioni, wakati wenzetu wakizunguka Bratislava, nilichukua ile riale ya sin nikaimulika kwa simu. Kwenye ukingo wake, pale ambapo kidole cha Bibi kimepita maisha yake yote juu ya vimaandishi asivyovijua kwenye ya kwake, nikasoma herufi za Kilatini, nusu zimelika: IUSTITIA ET CLEMENTIA. Nikampelekea mwongozaji wetu wa safari.

"Ni kaulimbiu ya Maria Theresa," alinijibu. "Haki na huruma."

Nilipomweleza Bibi, alirudia maneno yale polepole. "Haki na huruma. Kwenye ukingo mmoja." Akafikiri. "Zikigombana, ipi hupita kwanza?"

Sikuwa na jibu.

*

Vienna iliamka na theluji. Nilikuwa nimepanga mengi: kumbi za kifalme, mikahawa, soko la mbele ya jumba la jiji. Bibi alitaka mahali pamoja tu. Tukashuka kwa treni ya chini ya ardhi mpaka katikati ya mji, tukatembea hadi kanisa dogo la watawa wa Kikapuchini, tukateremka ngazi kuingia kwenye makaburi ya wafalme wa Habsburg.

Nilitegemea jeneza. Kumbe Maria Theresa amejengewa kama kitanda cha madini chenye ukubwa wa chumba, na juu yake yeye na mumewe wameinuka, wanatazamana, kama watu walioamshwa na tarumbeta ya Kiyama. Bibi alizunguka mpaka akapata mahali pa kuuona uso. Akaitoa riale, akainyanyua, akalinganisha.

"Ni yeye," alisema. Kisha akamwambia kwa Kiswahili, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mzee mwenzake barazani: "Mama, nimekuletea sura yako uione. Imetembea kuliko wewe. Imefika mahali ambapo hata jina lako hawalijui. Na babu zangu wawili walitumwa nayo, mmoja hakurudi. Nilitaka ulijue hilo."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Nilisimama pale koo limenikaba.

Rudolf amelazwa mbele zaidi, kando ya baba yake, Franz Joseph. Jeneza lake ni la kawaida ukilinganisha na yale ya wakubwa.

"Mwenye ziwa ni huyu?"

"Ni huyu, Bibi. Lakini hakuwahi kuliona. Alifariki Januari 1889, ana miaka 30. Ilikuwa miezi mitatu tu tangu msafara ufike pwani."

Bibi alitulia muda mrefu. "Aliyepewa ziwa hakuliona, na kaburi lake watu wanalilipia kiingilio. Aliyelifikia kwa miguu yake, na mzigo kichwani, hana hata jiwe lenye jina."

"Siku hizi linaitwa Turkana. Kenya ilibadilisha jina mwaka 1975."

"Vizuri. Jina moja limerudi nyumbani." Akaifunga ngumi yake juu ya ile riale ya pili. "Bado Seifu."

Na hapo ndipo udi ulipotufikia.

Nikageuka kwa kasi. Mwisho wa ukumbi, kwenye ngazi, abaya nyeusi na koti la manyoya vilikuwa vinapanda juu. Yule mama alituangalia mara moja tu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na sura ya mtu anayesubiri hukumu. Nilikimbia, nikapanda ngazi mbili mbili, nikatokea uwanjani. Theluji, miavuli, watoto, vikombe vinavyofuka moshi. Nilizunguka uwanja ule mara mbili. Hakuwepo.

*

Tuliporudi gatini jioni, ile meli ilikuwa pale, imefungwa kwetu, kama tulivyoambiwa. Nilitaka kwenda moja kwa moja. Bibi akanishika mkono.

"Nimechoka, mke mwenzangu. Ngoja nilale kidogo, tutakwenda pamoja. Lakini nina hamu ya zile njugu kubwa wanazochoma barabarani. Nenda kaniletee. Zile za karibu na kanisa kubwa, ndizo tamu."

Ningejua. Bibi hajawahi kunituma kitu cha mbali usiku tangu nizaliwe. Lakini nilifurahi kusikia anataka kula, nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Foleni ya treni, foleni ya njugu. Niliporudi ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda kimetandikwa. Juu ya mto palikuwa na simu ya Bibi, kadi yake ya kupandia meli, na karatasi moja yenye miandiko miwili tofauti.

Mwandiko wa kwanza sikuujua:

"Bibi wa Pangani, assalaam alaykum, na unisamehe salamu niliyokunyima. Riale sikuipoteza. Niliiangusha kwa makusudi, baada ya kukusikia ukisema Kiswahili na kuiona mim kifuani kwako. Mimi natoka Muscat, asili yetu Unguja. Seifu ni babu yangu. Hakufia ziwani. Aliachwa yu hai, na aliyemwacha ni ndugu yake wa tumbo moja. Ameyaandika hayo kwa mkono wake, na waraka ninao. Njoo uusome mwenyewe kabla ya saa tatu, meli yetu haijaondoka. Kisha uniambie kama damu yenu ina la kusema."

Chini yake, kwa kalamu ya mapokezi, mwandiko wa Bibi, mkubwa, unaopanda na kushuka:

"Zuhura, usinifuate. Kama ni uongo, nakwenda kumpa huruma. Kama ni kweli, nakwenda kumpa haki yake."

Njugu zilinimwagika. Nilikimbia kwenye ule ujia mwembamba, nikagonga watu, nikafika ukumbi wa mapokezi. Mlango wa ubavuni, ule wa kwendea meli ya pili, ulikuwa umefungwa. Yule kijana wa Kiromania alikuwa anakunja kamba.

"Fungua! Bibi yangu yuko kule!"

"Dada, wameshaachia."

Nilitoka sitahani bila koti. Kati ya meli mbili maji yalikuwa yamefunguka kiasi cha hatua moja. Kisha mbili. Kupitia madirisha makubwa ya ukumbi wao wa chakula, katika mwanga wa mishumaa, niliwaona: wanawake wawili wazee kwenye meza moja, na katikati yao riale mbili, sambamba. Bibi alikuwa ameshika karatasi ya zamani, ya rangi ya chai, iliyojaa maandishi ya Kiarabu. Kidole chake kilikuwa kinafuata mistari kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyonifundisha kusoma.

"Bibi!" nilipiga kelele. "Bibi!"

Kidole kikasimama.

Nilimwona anausoma mstari ule mara ya pili. Nilimwona anaiweka karatasi chini, kwa uangalifu, kama kitu cha moto. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda kifuani, mahali ambapo riale ilikuwa ikikaa siku zote, ukakuta hakuna kitu, ukakamata nguo, ukabaki pale umeishikilia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nimekuwa muuguzi miaka 11. Najua maana ya uso ule.

Nikapapasa mkoba wangu. Vidonge vya Bibi vya presha, vya saa tatu usiku, vilikuwa ndani yake.

Ile meli ikageuza omo kuufuata mkondo, kurudi Budapest. Yule mama wa Muscat akainuka kwenye kiti. Hakuita mtu. Alikuja mpaka dirishani, akanitazama moja kwa moja machoni, juu ya maji yaliyokuwa yanazidi kupanuka baina yetu.

Kisha akavuta pazia.

ITAENDELEA WIKI IJAYO